Mlango mkuu wa jengo la makazi ya pamoja: mwongozo kamili wa kuuchagua, kuusimika na kuutunza ili uhimili uharibifu

Chukua jengo lenye kaya 40, kila kaya ikiwa na watu wanne, na kila mtu akipita mlango mkuu mara nne kwa siku. Mlango huo utafunguka na kufungwa mara 640 kwa siku, yaani mara 233,600 kwa mwaka. Mlango wa chumba unaofunguliwa mara 20 kwa siku ungehitaji miaka 32 kufikia hesabu hiyo. Hesabu hii ndiyo msingi wa mwongozo wote huu, kwa sababu kamati nyingi za wakazi huenda kununua mlango zikiwa na swali moja tu, nalo ni unene wa bati.

Unene una umuhimu wake, lakini mlango mkuu kwa kawaida hauanzi kuharibika kwa shambulio. Huanza kwa kuchoka. Bawaba zikilegea, mlango hushuka. Ukishuka, ulimi wa kitasa haukai vizuri mahali pake. Siku moja kadi haifungui, na mkazi aliyekwama nje usiku akiwa na mtoto mgongoni anauvuta kwa nguvu zake zote, kisha anaupiga teke. Kesho yake mwingine anafanya vivyo hivyo. Mwizi akifika anakuta nusu ya kazi yake imekwishafanywa na watu wa humo humo ndani. Kwa hiyo mlango unaohimili uharibifu ni ule ambao kwanza hauwapi watu sababu ya kuuharibu, na pili, ukiguswa pabaya, huharibika kipande kimoja kinachoweza kubadilishwa bila kuung'oa wote.

Hatua ya 1: Usome mlango wa zamani kabla ya kuuondoa

Mlango uliochakaa hueleza wazi jinsi jengo linavyotumika, na ni hasara kubwa kuutupa bila kuusoma. Simama mbele yake mchana, kukiwa na mwanga wa kutosha, uanze chini. Mstari wa nusu duara uliochorwa sakafuni na ncha ya mlango unaonyesha kwamba bawaba zimelegea na mlango umeshuka. Mfereji wa mafuta meusi unaotiririka kutoka kwenye mkono wa kurudisha mlango, yaani kifaa cha juu kinachoufanya mlango ujifunge wenyewe, unaonyesha kwamba sili zake, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, zimekufa, na kwamba kwa muda mrefu mlango umekuwa ama ukijibamiza ama ukibaki wazi. Rangi iliyochubuka kwa urefu wa goti ni ya mateke na mikokoteni ya mizigo. Alama fupi zilizobonyea karibu na kitasa, zikiwa zimepangana mbili mbili kwenye mlango na kwenye fremu, ni za bisibisi au mtaimbo.

Kisha uliza wakazi, hasa wazee, watoto na wale wanaorudi usiku, ni lini walishindwa kuingia na walifanya nini. Uliza pia kwa nini watu huweka jiwe au kopo kuuzuia mlango usijifunge. Majibu haya yaandikwe, maana ndiyo yatakayotumika kuandaa maelezo ya kazi kwa fundi au kiwanda. Pima na nafasi yenyewe: upana wa juu, wa kati na wa chini, urefu wa pande zote mbili, na mikingamo yote miwili kutoka kona hadi kona, kwa kuwa matundu ya milango katika majengo ya zamani mara chache huwa na pembe mraba.

Hatua ya 2: Panga njia ya kutoka kabla ya njia ya kuingia

Hili lisijadiliwe kwa upande wa gharama wala wa urembo. Mtu aliye ndani lazima aweze kutoka wakati wowote kwa tendo moja, gizani, bila ufunguo, bila kadi, bila namba ya siri na bila kumwita mlinzi. Moto ukiwaka, moshi hujaza ngazi haraka kuliko mtu anavyoweza kutafuta ufunguo mfukoni. Viwango vya Ulaya hutenganisha vifaa hivi katika makundi mawili: EN 179 kwa mikono na vibao vya kusukuma katika majengo ambayo watu wake wanaujua mlango, na EN 1125 kwa fito za kusukuma kwa mwili pale ambapo umati unaweza kupatwa na hofu. Kwa jengo la makazi, kitasa chenye mkono wa ndani unaorudisha ulimi wote kwa mara moja kwa kawaida kinatosha, mradi kanuni za ujenzi na zimamoto za mahali husika hazidai zaidi.

Kama mlango utashikiliwa kwa umeme, pawe na kisanduku cha dharura upande wa ndani kinachokata umeme wa kufuli moja kwa moja, si kwa kupeleka ishara kwenye kompyuta ambayo yenyewe inaweza kuwa imekwama. Kengele ya moto nayo iunganishwe ili ikilia, kufuli iachie. Kwa upana, usikubali chini ya milimita 800 za nafasi safi ya kupita mlango ukiwa wazi, kwa ajili ya kiti cha magurudumu na machela. Pale wakazi wanapohamisha samani mara kwa mara, afadhali mlango wa vipande viwili, kikubwa cha kila siku na kidogo kinachofungwa kwa komeo za juu na chini.

Hatua ya 3: Mlango wenyewe na fremu yake

Sasa tufike kwenye chuma. Bati la mlango mkuu lisipungue milimita 1.5, na kwa jengo lenye misukosuko milimita 2 ni bora, likiwa limechomelewa juu ya kiunzi cha mabomba ya mraba na kuimarishwa kwa vyuma vya kukingama nyuma ya kitasa, nyuma ya bawaba na mahali mkono wa kurudisha utakapofungwa. Bati lisiloungwa mkono na kitu nyuma yake hubonyea kwa teke moja, na likishabonyea hualika la pili. Ndani ya uwazi pajazwe sufi ya madini badala ya povu la plastiki, kwa sababu sufi haiwaki na hupunguza kelele.

Uzito uhesabiwe mapema. Chuma cha unene wa milimita 1 kina takriban kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba. Mlango wa mita 1 kwa mita 2.1, wenye bati la milimita 2 pande zote mbili, tayari una kilo 66 za bati peke yake. Ukiongeza kiunzi, kioo na vitasa unakaribia kilo 100. Hapo ndipo bawaba za kawaida za dukani zinaposhindwa. Kiwango cha EN 1935 kinapanga bawaba kwa daraja, na daraja la 13 hubeba mlango wa kilo 120, la 14 kilo 160. Weka tatu au nne, mbili kati ya hizo zikiwa karibu karibu upande wa juu ambako mzigo wa kuvuta ni mkubwa. Ikiwa mlango unafunguka kwa nje, pini za bawaba zitakuwa wazi kwa mtu aliye nje, kwa hiyo ziwe za aina isiyong'oka, na upande huo wa bawaba uwekewe vipini vya chuma vinavyoingia kwenye matundu ya fremu kila mlango unapofungwa. Hata bawaba zikikatwa, mlango hautachomoka.

Kwa wizi wa nguvu, EN 1627 inapanga milango kuanzia RC 1 hadi RC 6. Daraja la RC 2 huhimili dakika 3 za mtu mwenye zana ndogo kama bisibisi, koleo na kabari, na RC 3 huhimili dakika 5 za mtu aliyeongezewa mtaimbo. Dakika hizo huonekana chache, lakini mlangoni ambapo watu hupita na kelele husikika, dakika tano za kupigapiga chuma ni muda mrefu. Kwa majengo mengi RC 2 au RC 3 inatosha. Zaidi ya hapo unaongeza uzito, na uzito huo atauvuta bibi wa ghorofa ya tatu kila siku, ilhali mwizi hauvuti ila siku moja.

Uliza pia kiwango cha uchovu, yaani idadi ya mizunguko ya kufungua na kufunga. Katika EN 12400, daraja la 6 ni mizunguko 200,000 na la 8 ni 1,000,000. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: mlango wa daraja la 6 katika jengo la kaya 40 unamaliza kiwango chake kabla ya mwaka kwisha. Swali hili moja hupima haraka kama muuzaji anaijua bidhaa yake.

Kutu nayo ni mharibifu asiye na kelele. Sentimita 20 za chini hupata maji ya kudekia, mkojo wa mbwa na uchafu wa viatu, na bomba lililofungwa pande zote bila tundu la kutolea maji huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Dai bati lililopakwa zinki, matundu ya maji chini, na rangi ya unga iliyookwa juu yake. Karibu na bahari hata chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 hupata madoa. Hapo ndipo 316 inapostahili. Chini, bandika bamba la kukingia mateke lenye urefu wa sentimita 30 hadi 40, lililofungwa kwa skrubu za kichwa maalumu kutoka upande wa ndani, ili likichakaa libadilishwe peke yake.

Kuhusu maandishi ya rangi za kupuliza, tabaka la kinga linalosafishika linafaa, ila dawa kubwa ni kuyafuta ndani ya siku moja. Andiko lililoachwa wiki nzima huleta mwenzake.

Hatua ya 4: Kioo

Wapo wanaosema mlango salama hauna kioo. Siwaungi mkono. Mlango usioonyesha aliye nyuma yake humfanya mkazi afungue bila kujua anakutana na nani, na humpa mtu wa kuvizia maficho ndani ya ukumbi. Weka kioo chembamba cha wima upande wa kitasa, kwa kimo ambacho mtoto na mtu mwenye kiti cha magurudumu wanaona, lakini kisiwe kipana kiasi cha kupitisha mwili.

Kioo kilichokazwa kwa moto hakifai peke yake. Ni kigumu, lakini kikipasuka humwagika chote na kuacha tundu. Kinachotakiwa ni kioo cha tabaka, vipande viwili au zaidi vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, ambacho hata kikipasuka hubaki mahali pake. EN 356 hukijaribu kwa kuangushia tufe la chuma la kilo 4.11: daraja la P4A hustahimili tufe hilo likianguka mara tatu kutoka mita 9, na P5A mara tisa. P4A ni mahali pazuri pa kuanzia. Plastiki ngumu ya polikaboneti haivunjiki kwa urahisi, ila huchorwa kwa ufunguo na kuungua kwa kiberiti, na baada ya mwaka mmoja haionyeshi kitu. Fito zinazokishikilia kioo ziwe upande wa ndani, na kipimo kamili cha kioo kiandikwe kwenye daftari la jengo siku hiyo hiyo ya kusimika.

Hatua ya 5: Kufuli, kadi na waya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kufuli ya sumaku hupendwa kwa sababu haina kinachosogea, na ile ya kawaida hutangazwa kuwa na nguvu ya kilo 270 au karibu 545. Nguvu hiyo hupatikana tu pale bamba la chuma lililofungwa kwenye mlango linapoigusa sumaku uso kwa uso. Pakiwa na mchanga, rangi au bamba lililokazwa mno likakaa mshazari, mwanya mwembamba kama karatasi hupunguza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Niliwahi kuitwa kuangalia mlango wa namna hii ambao wakazi waliapa kwamba mwizi ana ufunguo. Sumaku ilikuwa juu peke yake. Nilishika mkono wa mlango chini, nikaweka mguu kwenye fremu na kuvuta, na kona ya chini ikafunguka kiasi cha kuingiza vidole vinne. Mvuto wa pili, wa ghafla, ukaachia mlango mzima. Bamba lilikuwa limekazwa kwa bolti bila kipande chake cha mpira kinacholiruhusu kucheza kidogo, kwa hiyo lilikuwa likigusa ukingo mmoja tu.

Mahali umeme unapokatika, sumaku huachia. Betri ya akiba ya volti 12 yenye ampea 7 za saa, ikilisha sumaku inayokula nusu ampea, kwa hesabu hutoa saa 14, na kwa uhalisia hupungua kadiri inavyozeeka. Kwa sababu hizo mimi hupendekeza kitasa cha mota au cha umeme chenye ulimi wa chuma unaoingia ndani ya fremu sehemu zaidi ya moja, ambacho umeme ukikatika hubaki kimefungwa kwa nje na kufunguka kwa mkono kwa ndani. Ukiamua kubaki na sumaku, weka mbili, juu na chini, na waya zake ziwekewe diodi ya kuzuia msukumo wa umeme unaorudi sumaku inapozimwa, maana msukumo huo huua rilei, yaani swichi ya umeme inayoamuru kufuli.

Tundu la ufunguo upande wa nje ni shabaha ya gundi na njiti za kiberiti. Ikiwezekana liwe moja tu, la dharura, lililofunikwa kwa kifuniko cha chuma. Silinda yake isitokeze zaidi ya milimita 3 nje ya bamba la kinga, la sivyo hukamatwa kwa koleo na kuvunjwa katikati.

Kifaa cha nje, iwe intakomu au kisoma kadi, kiwe na uso wa chuma, vitufe vya chuma na daraja la IK10 la kuhimili kipigo, ambalo ni joule 20, pamoja na kinga ya maji isiyopungua IP54. Jambo lenye uzito zaidi halionekani: rilei inayofungua mlango isikae ndani ya kifaa hicho. Ikikaa humo, mtu hufungua skrubu nne, akaunganisha nyaya mbili, mlango ukafunguka bila kelele. Kifaa cha nje kisome kadi tu na kupeleka taarifa. Uamuzi ufanyike kwenye kisanduku kilichofungiwa ndani.

Kadi za zamani za masafa ya kilohezi 125 hunakiliwa kwa vifaa vidogo vya bei nafuu, na usimbaji wa MIFARE Classic, aina nyingine ya kadi iliyoenea, ulivunjwa hadharani mwaka 2008. Dai kadi zenye usimbaji imara wa aina ya AES, na kila kadi iandikishwe kwa jina la kaya ili ikipotea ifutwe yenyewe. Namba moja ya siri kwa jengo zima haifai kabisa. Mbali ya kwamba huenea, vitufe vinne vinavyotumika huchakaa kuliko vingine, na tarakimu nne tofauti zinazojulikana hupangika kwa njia 24 tu.

Hatua ya 6: Mkono wa kurudisha mlango

Ningelazimika kuchagua kipande kimoja cha kutokubania pesa, ningechagua hiki. Mlango bora usiojifunga ni ukuta wenye tundu. Kiwango cha EN 1154 hupanga mikono hii kwa nguvu kuanzia 1 hadi 7. Nguvu ya 3 ni ya mlango wa upana wa milimita 950, ya 4 ni ya 1,100, na ya 5 ni ya 1,250. Mlango mzito au unaopigwa na upepo huhitaji kupandishwa daraja moja. Chagua wenye vali tatu: moja ya mwendo wa kufunga, ya pili ya msukumo wa mwisho unaoingiza ulimi, na ya tatu ya kuzuia mlango usirushwe wazi kwa teke au upepo. Hiyo ya tatu ndiyo inayookoa bawaba. Mwili wake ufungwe upande wa ndani, na sakafuni pawe na kizuizi cha mpira.

Urekebishe mpaka mlango ujifunge kwa sekunde 5 hadi 7 kutoka nyuzi 90, kisha umwite mtoto wa miaka minane na mzee mmoja waufungue mbele yako. Wakishindwa, nguvu imezidi, na baada ya wiki utakuta jiwe limewekwa mlangoni. Ikiwa haiwezekani kupunguza bila ulimi kushindwa kuingia, kosa liko kwenye mpangilio wa kitasa au mipira ya kingo za mlango, na si kwenye mkono.

Hatua ya 7: Kusimika na kupokea kazi

Fremu ndiyo inayoshindwa mara nyingi zaidi ya mlango. Ifungwe ukutani kwa bolti za kupanuka kila baada ya sentimita 60 au pungufu, na moja karibu na kila bawaba na kila ulimi, zikiingia angalau sentimita 10 ndani ya tofali au zege, mbali na plasta. Isimamishwe kwa timazi na pima maji pande zote mbili, kisha uwazi nyuma yake ujazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga. Povu la kupuliza halitoshi. Mtaimbo huligandamiza na fremu ikapinda. Mwanya kati ya mlango na fremu ubaki milimita 3 hadi 4 kwa usawa.

Usilipe malipo ya mwisho kabla ya majaribio haya kufanyika mbele ya wawakilishi wa wakazi. Mlango uachiwe mara 50 mfululizo, nusu kutoka wazi kabisa na nusu kutoka kwenye mwanya wa sentimita 10, na ulimi uingie kila mara. Umeme ukatwe, na mtu atoke kwa ndani bila msaada. Kisanduku cha dharura kibonyezwe. Kengele ya moto ilizwe. Watu wawili wavute mkono wa mlango kwa mtikiso. Usiku, taa iliyo juu ya mlango iangaze uso wa mgeni bila kumpofusha mkazi aliye ndani.

Hatua ya 8: Matunzo

Kila mwezi, msimamizi wa jengo auangalie mlango ukijifunga mwenyewe mara kumi, akaze skrubu zilizolegea na kufuta uso wa sumaku kwa kitambaa kikavu. Kila baada ya miezi mitatu, bawaba zipate grisi na silinda ipuliziwe unga wa grafiti, si mafuta, kwa kuwa mafuta hushika vumbi na kugeuka tope. Vali za mkono wa kurudisha zirekebishwe majira yakibadilika, maana mafuta yake huwa mazito kwenye baridi na mepesi kwenye joto. Mara mbili kwa mwaka, umeme ukatwe makusudi na muda betri inaodumu uandikwe.

Stoo ya jengo iwe na mkono mmoja wa akiba, kisoma kadi kimoja, bawaba moja, betri moja na bisibisi ya skrubu zile maalumu. Pia pabandikwe ukumbini namba ya simu ya mtu wa kuitwa mlango ukikwama, atakayepokea hata saa nane za usiku, na jina la mtu wa pili iwapo wa kwanza hapatikani.